Tulikwenda Kumtazama Nani? Safari ya Kutoka Bungu hadi Uwanja wa Mkapa

Kila sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Bungu haionekani kutoka barabara kuu. Msafiri aendaye Moshi au Arusha, akipita mjini Korogwe, huona upande wake wa kulia ukuta wa milima wenye kilele kilichofunikwa na wingu, akaendelea na safari yake. Sisi tunakaa ndani ya wingu hilo. Ni kata ya wilaya ya Korogwe, katika milima ya Usambara Magharibi, nchi ya Wasambaa, nchi ya migomba, maharage, miwa na chai. Nyumba zetu zimesambaa juu ya vilima, na kati ya kilima na kilima kuna bonde. Kwa sababu hiyo, kwetu sauti hutangulia uso. Adhana ya Alfajiri huvuka bonde kabla ya mtu kuonekana, na habari ya msiba hupokelewa kwa sikio kabla ya mjumbe kufika mlangoni.

Kiwanja chetu cha mpira nacho kimechongwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja ni mteremko wa nyasi ambao ndio jukwaa letu, na upande wa pili ni bonde. Mpira ukipigwa vibaya huteremka bondeni, na mchezo husimama mpaka mtoto aliyetumwa aurudishe. Tulipokuwa wadogo hatukuuliza nani anacheza. Tulisikia filimbi, tukaacha mifugo au tukamaliza kuchota maji mbio mbio, tukaenda kukaa kwenye nyasi. Timu zikiwa zetu au za watu, mteremko ulijaa. Leo mteremko hujaa timu yetu inapocheza. Zikikutana timu mbili za vijiji vya mbali, wengi huwa wako kwenye kibanda umiza wakitazama mpira wa Ulaya katika televisheni.

Tunayaeleza haya ili msomaji ajue kwamba tulichokiona Dar es Salaam mwezi Agosti 2025 hakikuwa kigeni kwetu. Tulikwisha kukiona nyumbani, ila hatukuwa tumekipa jina.

Safari yenyewe haikuwa ya mpira. Kamati ya msikiti wetu ilikuwa imekusanya michango ya kununua busati jipya na kipaza sauti kabla ya Maulidi ya Mfunguo Sita, na ikaonekana ni nafuu kwenda kununua Kariakoo. Vijana wa madrasa waliokwisha maliza shule waliposikia, wakaomba wafuatane nasi ili nao waione michuano ya CHAN ambayo nchi yetu iliandaa pamoja na Kenya na Uganda kuanzia tarehe 2 hadi 30 Agosti. Walikuwa 12. Nauli na kiingilio wangejilipia wenyewe kwa fedha za maharage yao. Hata shilingi moja ya msikiti isingeingia uwanjani, na hilo tuliliandika katika muhtasari wa kikao ili asije mtu akasema vingine.

Hata hivyo mzee mmoja wa kamati hakuridhika. Aliuliza, "Kamati ya msikiti na mpira, wapi na wapi?" Lilikuwa swali la haki, na halikustahili kujibiwa kwa mzaha. Tulimkumbusha habari iliyo mashuhuri katika vitabu vya Hadithi, ya Wahabeshi waliocheza kwa mikuki yao katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) siku ya Idi. Mtume (s.a.w.) hakuwafukuza. Alisimama akimkinga Bibi Aisha (r.a.) kwa shuka yake huku naye akiwatazama, na hakuondoka mpaka Bibi Aisha mwenyewe alipotosheka. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi Swala zisiwapite, na vijana warudi wakiwa na jambo la kutuambia." Tulikubaliana naye.

Ijumaa tarehe 22 Agosti ikaja. Taifa Stars walikuwa wamefanya kizuri. Waliwafunga Burkina Faso 2-0 katika mchezo wa ufunguzi, wakawafunga Mauritania 1-0 na Madagascar 2-1, wakatoka sare na Jamhuri ya Afrika ya Kati, na kwa mara ya kwanza katika historia yao ya michuano hii wakavuka hatua ya makundi. Usiku ule wa Ijumaa walikutana na Morocco katika robo fainali, wakafungwa 1-0. Usiku huo huo Kenya walitolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti jijini Nairobi. Jumamosi Uganda wakatolewa na Senegal. Katika siku mbili, wenyeji wote watatu walikuwa wamekwisha kutoka katika karamu waliyoiandaa wenyewe.

Jumapili vijana watatu walikuja kutuambia kwamba hawaendi tena. Mmoja kati ya tisa waliobaki alikuja na mfuko wake mkononi, lakini na uso ulionuna. Akauliza, "Sasa ustadhi, tunakwenda kumtazama nani?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Tulimwambia tu kwamba nusu fainali itakayochezwa Dar es Salaam ni kati ya Madagascar na Sudan, na kwamba busati litanunuliwa kwa vyovyote vile.

Tuliteremka Jumatatu alfajiri baada ya Swala. Kushuka kutoka Bungu ni kuvua nguo kidogo kidogo. Juu tulikuwa na makoti na kofia za sufi, na chini, mashamba ya mkonge yalipoanza kuonekana, makoti yakawa mapajani. Tulipanda basi Korogwe, tukapita Segera, tukapita Mkata, tukavuka daraja la Wami, tukala machungwa njia nzima, na Adhuhuri na Alasiri tuliziswali kwa kupunguza na kuzikusanya baada ya Chalinze. Jua lilikuwa linakuchwa tulipofika kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi. Vijana sita kati ya tisa hawakuwa wamewahi kufika Dar es Salaam. Walishikana mikono kama watoto, nasi tulijifanya hatuoni.

Asubuhi ya Jumanne tarehe 26 tulikwenda Kariakoo. Busati tulipata, la kijani, na kipaza sauti tulipata baada ya kuzunguka maduka mengi. Tuliyaacha kwa jamaa yetu wa Temeke ambaye alitupokea sote 12, vijana tisa, mwalimu wa madrasa, mweka hazina na mwandishi. Mke wake alipika wali kwa sufuria aliyoazima kwa jirani. Tunamtaja kwa sababu itakuja kuonekana mbele kwamba yeye ndiye aliyekwisha kulielewa somo kabla yetu.

Uwanja wa Benjamin Mkapa ulifunguliwa mwaka 2007, na una uwezo wa kuchukua watazamaji 60,000. Vijana wetu walikuwa wamezoea kuuona katika televisheni ukiwa umefurika siku ya Simba na Yanga, watu wamebanana kama dagaa juani. Walitarajia kusukumana mlangoni. Mmoja alikuwa ameshona fedha zake ndani ya mfuko wa suruali. Lakini tulipita bila kusukumwa na mtu, tukapanda ngazi, na tulipotokea juu ya majukwaa vijana wote walisimama.

Viti vilikuwa vitupu. Hatusemi hapakuwa na watu, maana walikuwepo, makundi hapa na pale kama nyumba zetu za Bungu juu ya vilima vyake. Lakini kati ya kundi na kundi kulikuwa na mabonde ya viti. Tulikaa mahali tulipotaka. Kijana mmoja aliweka mfuko wake kwenye kiti cha kulia na koti lake kwenye kiti cha kushoto, kisha, kwa haya tu, akaviondoa, ingawa hapakuwa na mtu wa kuvihitaji. Mchezo ulipoanza tulisikia sauti za wachezaji wakiitana. Tulisikia mguu ukigonga mpira. Tulimsikia kocha akipiga kelele kutoka upande wa pili wa uwanja. Mwalimu wa madrasa alisema kwa sauti ndogo, "Huu ni mchezo wa nne kwa ukubwa katika mashindano yote?" Tukahesabu, na kweli, baada ya fainali na nusu fainali nyingine ya Kampala, hakuna mchezo uliokuwa mkubwa kuuzidi. Hata nafasi ya nne aliyoitaja ilikuwa imeupunguzia heshima.

Karibu nasi walikaa Wasudani kama arubaini hivi, wengine wamevaa kanzu nyeupe na vilemba, wamejifunga bendera mabegani. Miongoni mwao walikuwamo kina mama na watoto. Tulisalimiana nao kwa salamu ya Kiislamu, na kwa Kiarabu chetu cha chuoni tukazungumza na mtu mmoja wa makamo aliyesema nyumbani kwake ni Omdurman. Alituuliza kama tumetoka mbali. Tulimwambia tumetoka milimani, safari ya siku nzima. Akaweka mkono kifuani na kutuombea kheri, akauliza, "Mmekuja kwa ajili yetu?"

Ndugu msomaji, tuliona haya. Tungependa kuandika kwamba tulijibu ndiyo. Ukweli ni kwamba tulikuja kununua busati, na vijana wetu walikuja wakiwa wamenuna. Tulisema, "Tumekuja, alhamdulillahi," tukayaacha maneno hapo.

Lakini swali lake lilitufanya tuitazame timu ile kwa jicho jingine. Vita vya Sudan vilianza tarehe 15 Aprili 2023, katika kumi la mwisho la Ramadhani, na tangu hapo mamilioni ya watu wameyahama makazi yao. Ligi yao ilivurugika. Klabu zao mbili kubwa, Al-Hilal na Al-Merrikh za Omdurman, zilicheza msimu wa 2024/25 katika ligi ya Mauritania, upande wa pili wa bara letu, kwa sababu nyumbani hapakuchezeka. Uwanja huu huu wa Mkapa umewahi kuwa nyumbani kwa Al-Hilal katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Na CHAN, kwa kanuni yake, ni michuano ya wachezaji wanaocheza katika ligi za ndani ya nchi zao. Maana yake ni kwamba Sudan walileta timu ya ligi za ndani wakati ndani kwenyewe kunawaka moto. Na timu hiyo iliwafunga Nigeria 4-0 kule Zanzibar, ikaongoza kundi lake, ikawatoa Algeria kwa penalti katika Uwanja wa Amaan, ikavuka bahari kuja Dar es Salaam kucheza nusu fainali mbele ya viti.

Magharibi ilipoingia tulishuka kwa zamu, tukaswali, tukarudi. Ilikuwa bado 0-0. Mchezaji mmoja wa Madagascar alitolewa kwa kadi nyekundu, wakabaki 10, na bado wakashikilia. Dakika 90 zikaisha, ukaja muda wa nyongeza. Katika dakika ya 116, Toky Rakotondraibe aliifungia Madagascar bao pekee la usiku ule. Wamadagascar wachache waliokuwa ng'ambo walirukaruka, na shangwe yao ilitufikia ikiwa nyembamba kama sauti inayovuka bonde. Wachezaji wa Sudan walilala kwenye nyasi. Yule mtu wa Omdurman alikaa, akafuta uso kwa ncha ya kilemba, akasema, "Alhamdulillahi ala kulli hali."

Hapo ndipo kijana wetu, yule aliyeuliza tunakwenda kumtazama nani, alipoinuka akaanza kupiga makofi. Wenzake wakafuata. Wakateremka hadi kwenye ukuta wa mbele wakipiga makofi mpaka wachezaji wa Sudan walipopita chini yao. Mmoja wa wachezaji aliinua mkono. Kijana alirudi akasema, "Ametuona." Uwanja wenye watu 60,000 mchezaji hamwoni mtu mmoja. Usiku ule, kwa uchache wetu, tulionekana. Sijui kama hilo ni la kufurahia au la kusikitikia.

Tulirudi Temeke usiku. Mke wa jamaa yetu alikuwa hajalala, na chakula kilikuwa kimefunikwa. Aliuliza nani ameshinda, na alipoambiwa, alisema tu, "Maskini, na wale watoto wako mbali na mama zao." Hakuwahi kuingia uwanjani maishani mwake, lakini aliwaona wageni pale ambapo sisi tuliona timu.

Katika basi la kurudi tulijadiliana sana juu ya sababu za viti vile. Si haki kuwalaumu watu kabla ya kuwasikiliza. Ilikuwa Jumanne, siku ya kazi. Usafiri wa usiku una mashaka yake, hasa kwa mwenye familia. Televisheni iko nyumbani na haidai nauli. Wachezaji maarufu wanaocheza Ulaya hawaruhusiwi katika michuano hii, kwa hiyo majina mengi yalikuwa mageni masikioni. Na mtu aliyefungwa Ijumaa bado ana machungu Jumanne. Zote hizo ni sababu za kweli. Lakini mwalimu wa madrasa alileta hesabu moja iliyotunyamazisha. Katika kundi letu kulikuwa na michezo 10, na Taifa Stars walicheza 4 tu. Michezo 6 iliyobaki ilikuwa ya wageni watupu. Kwa hiyo anayeomba kuandaa mashindano, zaidi ya nusu ya anachokiomba ni kuwatazama watu wengine wakicheza. Akikusudia kuja siku yake tu, basi hakuomba kuwa mwenyeji. Aliomba kuchezewa ngoma yake mbele ya mashahidi.

Wala jambo hili si la Dar es Salaam peke yake. Mwaka 2019 mashindano ya dunia ya riadha yalifanyika Doha, nchini Qatar, katika uwanja wa Khalifa. Majirani wa Qatar walikuwa wameifungia mipaka tangu mwaka 2017, na fainali nyingi zilikimbiwa usiku sana. Shelly-Ann Fraser-Pryce wa Jamaica, mama wa mtoto mdogo, alipokuwa bingwa wa dunia wa mita 100, aliuzunguka uwanja na mwanawe huku sehemu kubwa ya viti ikiwa mitupu, na picha zake zikaenea dunia nzima. Miaka mitatu baadaye, katika Kombe la Dunia la 2022, viwanja vya nchi hiyo hiyo vilijaa watu waliotoka pembe zote za ardhi. Tunajifunza kwamba utupu wa viti si sifa ya mji wala ya watu wake. Ni jambo linaloweza kubadilika, likiwekewa nia na mipango.

Kwa sisi Waislamu nia hiyo ina mahali pake. Mtume (s.a.w.) amefungamanisha kumkirimu mgeni na kumwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho. Na katika Suratul Hujurat tumefundishwa kwamba kufanywa kwetu mataifa na makabila ni ili tujuane. Wazee wetu wa Kiswahili wakaliweka hilo katika maneno manne: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo umtazame mwenyeji. Dawa imo katika kuja kwa mgeni, na hainywewi na aliyebaki nyumbani kwa sababu timu yake imefungwa.

Basi lilipokuwa linapita Mkata, mweka hazina alisema jambo ambalo lilibadilisha mazungumzo yote. Alisema, "Na sisi je, na barua ile?"

Hapa kalamu inakuwa nzito, lakini mwandishi wa kamati ndiye mtunza majalada, na jalada halidanganyi. Mwaka 1446, Mfunguo Sita, tulipokea barua ya mwaliko kutoka msikiti mdogo wa kitongoji kilicho ng'ambo ya bonde letu. Walikuwa wanafanya Maulidi yao ya kwanza tangu wamalize kujenga. Barua tuliipokea, tukaiandika tarehe, tukaipa namba, tukaisoma kikaoni, tukapeleka watu watatu. Juma lililofuata tulifanya Maulidi yetu, na watu walijaa mpaka nje. Katika muhtasari tuliandika kwamba shughuli imefana. Baadaye tukasikia kwamba wenzetu wa ng'ambo walikuwa wamepika sufuria kubwa tatu za wali, na kwamba hadi Alfajiri walikuwa wanazunguka na sinia kugawa chakula kilichobaki majumbani. Tangu hapo hawakutuandikia tena. Walipokutana nasi gulioni walitusalimu kwa adabu na kupita. Tulisema ni watu wa ajabu, wana kiburi. Mwaka mzima tulisema hivyo.

Ndani ya basi hakuna aliyejibu. Yule kijana aliyepiga makofi alikuwa akitazama nje. Akasema bila kugeuka, "Kumbe sisi ndio viti."

Tulifika Bungu Jumatano usiku, na wingu lilikuwa limeshuka hadi barabarani. Ijumaa baada ya Swala tulitimiza ahadi yetu kwa yule mzee wa kamati. Vijana walisimulia walichokiona, busati jipya likiwa limetandikwa chini yao. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akauliza habari ya Sudan, akawaombea dua watu wake. Kisha mweka hazina akaileta ile barua ya mwaka jana. Kikao kiliamua mambo mawili. La kwanza, ujumbe wa watu watano uvuke bonde kuomba radhi, uongozwe na mzee mwenyewe. La pili, tarehe ya Maulidi yetu isipangwe mpaka tujue yao.

Ujumbe ulivuka Jumamosi, siku ile ile ambayo Morocco waliwafunga Madagascar 3-2 katika fainali ya Nairobi. Tulipokelewa vizuri, tukapewa chai na miwa. Imamu wao hakutulaumu. Alisema tu kwamba mwaka huu hawakukusudia kualika mtu, walikusudia kusoma wenyewe kwa wenyewe. Mzee wetu akamjibu, "Basi tutakuja bila kualikwa, mtufukuze wenyewe." Imamu alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka mwaka ule.

Kabla ya kumaliza, tuna maneno machache kwa familia zinazotusoma. Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa AFCON, mashindano makubwa zaidi ya mpira barani Afrika. Zitakuja timu 24. Katika michezo 36 ya makundi, Taifa Stars watacheza 3. Michezo iliyobaki ni ya wageni, na wengi wao watakuwa ndugu zetu katika imani, na wote ni ndugu zetu katika ubinadamu. Mwenye uwezo na aliye karibu na uwanja, achague walau mchezo mmoja usio wetu, aende na wanawe kwa adabu na kwa kuchunga Swala, awafundishe jina la nchi wanayoitazama na hali ya watu wake. Na walio mbali kama sisi wana viwanja vyao karibu zaidi: harusi ya jirani asiyekuwa na jina, msiba wa mgeni aliyehamia juzi, hafla ya madrasa ya kitongoji kingine. Mtoto akizoea kwenda tu pale anaposhangiliwa yeye, atakuwa mtu mzima ambaye kiti chake kitupu kila mahali.

Maulidi ya ng'ambo yalisomwa usiku wa baridi kali. Tulivuka bonde kwa tochi, wanaume kwa wanawake na watoto, kiasi cha watu 80. Kipaza sauti chetu kipya tulikibeba, maana chao kilikuwa kimeharibika. Tulipofika hapakuwa na nafasi ya kutosha ndani, na watu wao walianza kusogea ili tukae. Yule kijana wetu alipata mahali penye upana wa mtu mmoja kati ya wazee wawili. Alikaa, akatugeukia, akasema kwa sauti ndogo, "Ustadhi, hapa pamejaa."

Wabillahi tawfiq.